Gari linazima ukiachia mafuta: usikimbilie kununua kabureta

Msomaji wa Pangani ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Toyota LiteAce ya injini ya 5K, nabebea nazi na samaki kutoka Bweni kwenda Tanga mjini. Asubuhi nikivuta choki linawaka vizuri na linatulia. Likishapata moto nikarudisha choki, kila nikiachia mafuta linatetemeka halafu linazima. Kwenye foleni ya pantoni inabidi kisigino kiwe kwenye breki na vidole kwenye mafuta. Barabarani halina shida, linavuta. Fundi wa kwanza alikaza skrubu mpaka sailensi (mizunguko ya injini ukiwa umeachia mafuta) ikapanda, na sasa nikizima ufunguo injini inaendelea kukohoa mara nne tano ndipo inyamaze. Fundi wa pili anasema kabureta imekufa. Ninunue mpya?"

Marahaba, mwanangu. Usinunue, angalau si wiki hii. Ukifunga kabureta mpya, yaani kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, juu ya tatizo ulilonieleza, kuna uwezekano mkubwa utarudi palepale kwenye foleni ya pantoni, kisigino kwenye breki na vidole kwenye mafuta, ila mfukoni hamna kitu. Na ile ya zamani, ambayo pengine ni ya kiwandani na haina neno, itakuwa imeshabaki kwenye boksi la fundi.

Barua yako yenyewe imejibu nusu ya swali. Choki ni kifuniko tu. Ukiivuta unaizibia kabureta mdomo ili hewa ipungue na petroli izidi. Injini ikishapata moto haitakiwi kuhitaji msaada huo. Kama inafurahi ikiwa na choki na inateseka bila choki, ujue ina njaa: ama petroli ya sailensi haifiki, ama hewa inaingia kuzidi kipimo. Ingekuwa inazama kwa petroli mambo yangekuwa kinyume. Ungeniambia habari ya moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka ndani kwenye viti, na plagi zilizojaa masizi. Hukutaja hata kimoja, kwa hiyo tunatafuta njaa.

Sasa kwa nini barabarani linakwenda kama kawaida? Mguu ukiwa nje ya mafuta, kile kisahani cha chini ya kabureta kimefunga karibu chote. Njia kubwa ya petroli ya katikati hapo haifanyi kazi hata kidogo. Injini inaishi kwa tundu moja dogo lililo chini ya kisahani, linalopata petroli kupitia jeti ya sailensi, kijiskrubu chenye tundu la kupimia petroli, na tundu la jeti hiyo lina upana wa karibu nusu milimita. Wakati huohuo injini inanyonya kwa nguvu sana upande wa chini. Ukiifungia geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto huo, injini isiyo na ugonjwa ya silinda nne huku kwetu pwani, sindano inakaa imetulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Basi penye mvuto mkubwa namna hiyo na petroli kidogo namna hiyo, ufa mdogo tu unaharibu kila kitu. Ukikanyaga mafuta, mvuto unapungua, njia kubwa inaanza kumwaga petroli, na ule ufa hausikiki tena. Ndiyo maana fundi akilijaribu gari lako kwa kulikimbiza mpaka Pongwe na kurudi, atakuambia limepona.

Vijana ninaowafundisha huwa nawaambia kabureta ni forodha ya Horohoro, kule mpakani na Kenya. Hewa inayopita pale inagongwa muhuri wa petroli kisha inaruhusiwa kuingia. Lakini ipo na hewa ya magendo, inayopita njia za panya: mpira uliopasuka, gasketi iliyochoka, nati iliyolegea. Hiyo inaingia kwenye silinda bila muhuri. Unaweza kubadilisha ofisa wa forodha mara tatu, magendo yakaendelea vilevile, kwa sababu hayapiti kwake. Kabureta mpya ni ofisa mpya, basi.

Kabla hujagusa kitu, lipeleke gari mahali pa wazi, si ndani ya banda, maana ndani ya moshi wa ekzosi mna gesi inayoua bila kunuka. Vuta hendibreki, weka jiwe kwenye tairi, gia iwe huru. LiteAce yako injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukiinua kiti uko juu ya feni na mkanda moja kwa moja. Kama umetoka msikitini na kanzu, kaivue kwanza. Iache injini ishike moto kamili, dakika kumi na tano hivi.

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana. Injini ikiwa imepata moto na inatetemeka, fungua kifuniko cha chujio la hewa, kisha sukuma kile kisahani cha choki kwa kidole taratibu, kama unafunga mlango mtoto amelala. Injini ikitulia na kupanda mizunguko, tumethibitisha njaa. Ikizidi kuzama na kutoa moshi, mimi nimekosea, acha kusoma hapa ukaangalie floti, lile boya la ndani ya kabureta, na sindano yake. Nadhani itatulia.

Baada ya hapo tafuta magendo. Anza na mpira mnene kuliko yote unaotoka kwenye manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) kwenda kwenye busta ya breki, kile kidude kinachousaidia mguu kukanyaga. Ufunge kitambaa, uubane kwa koleo mpaka ndani pazibe. Sikiliza. Kama injini imebadilika papo hapo na kuanza kuunguruma sawa, njia ya panya iko upande ule, ni mpira wenyewe au ngozi ya ndani ya busta. Busta ina jaribio lake pia: zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie chini, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo mguuni, busta inafanya kazi. Isipozama, umepata zaidi ya tatizo la sailensi, umepata tatizo la breki, na gari lisiondoke hapo.

Huu mpira wa busta naukazania kwa sababu uliwahi kuniaibisha. Nilikuwa bado kijana, pale Ngamiani, nikaletewa Corolla yenye ugonjwa kama wako. Niliifungua kabureta mara tatu. Niliiosha, nikaipuliza, nikabadilisha gasketi, siku mbili nzima. Siku ya pili jioni nimechoka, nikauegemea ule mpira kwa mkono ili niinuke, na injini ikanyooka pale pale, ikawa inaimba. Nikauachia, ikaanza kutetemeka. Ufa ulikuwa upande wa chini usioonekana, na ulikuwa unafunguka mpira ukishapata moto tu. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi na kahawa yake. Hakuuliza kitu. Aliweka kikombe chini akaniangalia.

Ukimaliza wa busta, bana na mipira mingine mmojammoja: ule wa kupumulia injini wenye valvu ndogo, na ule mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi. Huo wa distribyuta uchomoe kule kwenye kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ukikaa umekamata ulimi, ngozi ya ndani ni nzima. Hewa ikipita tu kama mrija wa soda, ngozi imetoboka, na hapo una magendo na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) mbovu kwa pamoja.

Mipira yote ikiwa mizima, hamia kwenye gasketi. Kati ya kabureta na manifoldi pana kile kipande kinene cha kuzuia joto chenye gasketi juu na chini, na nati zake hulegea kwa mtikisiko, hasa kwa gari linalokula barabara ya vumbi kila siku. Jaribu kwanza kuzikaza, kwa kupishana, bila kutumia ubabe, maana kitako cha kabureta kinaweza kupinda. Kisha chukua chupa ya kupulizia, ile ya kinyozi, yenye maji ya kawaida. Pulizia kidogokidogo kuzunguka maungio huku unasikiliza. Maji yakifika penye ufa yanauziba kwa sekunde moja na mlio wa injini unabadilika. Puliza kama unalowesha nguo ya kupiga pasi, usimwage, maana kwenye injini za K ekzosi iko upande uleule mmoja na manifoldi ya hewa, na chuma cha moto hakipendi maji ya ghafla. Wapo mafundi wanaofanya jaribio hili kwa petroli kwenye bomba la sindano. Linafanya kazi, sikatai. Lakini wewe unafanyia chini ya kiti, karibu na ekzosi ya moto na waya za plagi za miaka mingi. Tumia maji.

Nije kwenye kitu ambacho kwa magari ya kwetu pwani nakishuku kuliko hata gasketi. Ubavuni mwa kabureta yako kuna kidude cha mviringo, kama kidole gumba, chenye waya. Ni solenoidi ya sailensi. Ukifungua ufunguo inapata umeme wa betri, inavuta sindano yake ndani, petroli ya sailensi inapita. Ukizima ufunguo sindano inarudi na kuziba, ili injini isiendelee kunyonya petroli. Umeme usipofika pale, gari linakuwa hivi hivi unavyolieleza wewe: ukikanyaga linakwenda, ukiachia linazima.

Kuipima ni kazi ya dakika moja. Zima injini, fungua ufunguo bila kupiga stata, chomoa ule waya, urudishe uguse. Kila ukigusa unatakiwa kusikia "tik", na kidole ukikiweka juu utaihisi. Kimya? Usihukumu solenoidi kwanza. Shika taa ya kupimia, uone kama waya una umeme. Mwaka jana niliitwa kuangalia pikapu ya mvuvi pale Deep Sea, Tanga. Waya kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, una rangi yake. Niliuvuta kidogo, ukaniachia mkononi: ndani ya plastiki shaba yote imekuwa unga wa kijani. Chumvi ya hewa ya bahari iliingia pale kwenye kiungio na kupanda ndani ya waya karibu urefu wa kiganja. Nilikata, nikaunganisha kipande kipya, nikapaka grisi kwenye kiungio. Gari likatulia sailensini. Mwenyewe alikuwa ameshatafutiwa kabureta nyingine.

Kwako kuna dalili moja inayonifanya nitake uifungue hiyo solenoidi hata kama inalia "tik". Ni kule kukohoa baada ya kuzima. Sababu ya kwanza ni fundi wako wa kwanza: alipokaza skrubu ya sailensi alikiinua kile kisahani cha chini, sasa injini inapata hewa na petroli ya kutosha kujiwasha yenyewe kwa joto la kaboni iliyomo kwenye silinda. Lakini sababu ya pili ni desturi mbaya ya gereji zetu. Solenoidi ikisumbua, mtu anaifungua, anakata ile sindano, anairudisha. Sailensi inarudi, mteja analipa, na kuanzia siku hiyo hakuna cha kuzuia petroli ukizima ufunguo. Kama ulilinunua gari hilo mkononi mwa mtu, hujui lilipitia wapi. Injini ikiwa ya baridi, ufunguo umezimwa, ifungue kwa spana, weka kitambaa cha kupokea matone, uangalie kama ncha ipo. Ikiwa imekatwa, hiyo ndiyo spea ya kununua.

Tundu likiwa wazi hivyo, angalia na jeti ya sailensi. Petroli ya kwenye madumu, ambayo vijijini hatuna jinsi nayo, inakuja na maji na uchafu, na maji yakikaa kwenye bakuli la kabureta yanazaa unga mweupe unaokwenda kuziba tundu dogo kuliko yote. Usizibue kwa waya wala pini. Jeti ni ya shaba laini, ukiikwaruza umeipanua, na haitarudi. Mimi natumia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba, halafu upepo wa kompresa. Ila toa floti kabla ya kupuliza. Nimeona floti ya shaba iliyobonyea kama kopo kwa sababu ya upepo. Na chujio la petroli ukikuta limekuwa jeusi, badilisha tu.

Umeme wa plagi sitausemea sana, maana gari lako linavuta vizuri likiwa na mzigo, na umeme mbovu kwa kawaida huanza kulalamika pale. Hata hivyo fungua plagi uzitazame. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni afya, nyeupe ni njaa ileile, nyeusi kavu ni petroli nyingi. Kama distribyuta yako bado ni ya pointi, ile swichi ndogo ya ndani, safisha uso wake na upime mwanya. Kisha injini ikiwa sailensi, chomoa waya za plagi mojamoja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa moja na mlio usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi, na hapo usihangaike na kabureta kabla hujapima tapeti (mwanya wa valvu) na kompresheni (mgandamizo wa silinda). Valvu iliyobanwa sana huvuja sailensini na kujificha ukikimbia.

Umeziba magendo, solenoidi inalia, jeti ni safi. Sasa, na sasa tu, shika bisibisi. Skrubu ziko mbili na watu wanazichanganya. Moja inasukuma mkono wa kisahani, ndiyo ya sailensi, hiyo ndiyo iliyokazwa. Ya pili inaingia ndani ya mwili wa kabureta kwa chini, ina ncha kali, ni ya mchanganyiko. Hiyo ya pili ifunge kwa vidole viwili mpaka iguse, ukihesabu imezunguka mara ngapi, uandike. Usiikaze: ncha yake ikipata alama ya pete haitapima tena. Kisha ifungue mizunguko miwili hadi miwili na nusu, washa injini, iache ipate moto, chujio la hewa likiwa mahali pake.

Legeza skrubu ya sailensi mpaka injini ikaribie kuzima. Zungusha ile ya mchanganyiko taratibu, robo kwa robo, ukitafuta pale injini inapokimbia zaidi na kutulia zaidi. Ikipanda, ishushe tena kwa skrubu ya sailensi. Rudia mara mbili tatu mpaka upate mizunguko kati ya 700 na 800 kwa dakika. Mwisho kaza ya mchanganyiko kidogo, mpaka usikie injini imeshuka kwa unyoya, acha hapo. Jambo la kuangalia kuliko yote ni hili: skrubu ya mchanganyiko lazima iwe na kauli. Kama unaizungusha kutoka kufunga hadi kufungua na injini haijali, ama kisahani bado kimeinuliwa sana na petroli inatoka kwenye matundu ya juu yake, ama njia ya sailensi bado imeziba, ama kuna magendo hujayakamata. Kupandisha sailensi ili gari lisizime ni kumtuliza mgonjwa kwa kumfunga mdomo.

Marekebisho haya ni ya usawa wa bahari. Siku ukipata mzigo wa mboga Lushoto, kule juu mita kama 1,400, mgandamizo wa hewa umeshuka kwa karibu asilimia 15, na gari litakuwa zito kidogo sailensini na kunukia petroli. Usimwache fundi wa kule aguse skrubu. Ukiteremka Mombo litapona lenyewe.

Je, kabureta haifi? Hufa. Hufia kwenye shafti, yaani mhimili, ya kile kisahani cha chini. Zima injini, ishike shafti kwa vidole, itikise juu na chini. Ikicheza, washa injini na udondoshe tone la oili pale inapoingilia kwenye mwili. Kama sailensi imebadilika kwa tone hilo, hewa inapita kuzunguka shafti, na hapo fundi wako wa pili ana haki. Akipatikana mchonga vyuma hodari anaweza kutia bushi mpya. Akikosekana, nunua, lakini nenda dukani na ya zamani mkononi mkalinganishe matundu na vichomozi vya mipira kimoja kimoja, na kama una nafasi ya kuchagua, mimi ningechukua ya mtumba ya kiwandani yenye shafti isiyocheza kuliko kopi mpya inayong'aa.

Anza na kidole kwenye choki, kisha koleo kwenye mpira wa busta, kisha "tik". Niandikie injini ilifanya nini kwenye kila kimoja, na uniambie ile sindano ya solenoidi umeikuta na ncha au bila ncha.